Namba Moja ya Uongo

Jumatatu asubuhi duka la fotokopi lilikuwa limefurika. Wanachuo, makarani, bibi mmoja mwenye cheti kilichochanika. Kila mtu ana haraka na mashine ni mbili tu. Mwalimu wa hesabu, ndani ya gauni la bluu lililopigwa pasi likanyooka, alikuwa wa tisa kwenye foleni. Mbele yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: "Albamu Kumi za Hip Hop, Wiki Hii," na chini ya kila moja maoni ya mwenye duka. Akasoma. Akaguna. Akatoa kalamu nyekundu na kuandika kando ya namba tisa: "Sababu haitoshi."

"Dada, hilo si daftari la mwanafunzi wako."

Mwenye duka alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lina madoa ya wino kifuani, na tabasamu lisiloendana kabisa na maneno yake.

"Lingekuwa lake ningempa sifuri! Albamu kama Dirisha la Nyuma unaiweka ya tisa? Yule mwanamke aliyeitoa anaghani mpaka mtu unasahau kupumua."

"Anaghani, sikatai. Ila kila wimbo kaalika wasanii wageni. Ile ni albamu au harusi?"

Foleni ikacheka. Mwalimu naye akacheka, akajikasirikia kwa kucheka. Bibi mwenye cheti akauliza kama hao wawili wakishamaliza kuoana na yeye atahudumiwa.

Tangu siku hiyo mitihani ya shule nzima ikawa inaletwa na mwalimu huyo mmoja. Simu nazo zikaanza, kila mapumziko ya mchana.

"Umesikiliza wimbo wa sita?" mwalimu akauliza.

"Nimesikiliza, laazizi. Biti tamu, maneno hewa."

"Hewa? Hayo ni masikio au mapambo?"

"Ni masikio, na yanakupenda. Hata mimi mwenyewe nakupenda."

"Nakusikia," mwalimu akajibu, kisha akarudi kwenye kiitikio.

Hilo "nakusikia" lilimnyima kijana raha. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akijalidi vitabu pale dukani, akampa dawa: "Wewe nawe! Kila siku unambishia mwenzio. Mkubalie hata kitu kimoja uone kama hatalainika." Jumatatu iliyofuata Dirisha la Nyuma ikapanda mpaka namba moja, na chini yake zikaandikwa sifa zote alizowahi kuzitaja mwalimu, neno kwa neno.

Mwalimu alifika na gauni la njano na hereni ndefu, amependeza si kidogo. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Hivi ndivyo unavyoona kweli?"

"Kabisa, mpenzi. Nimeisikiliza tena, nimeona ulikuwa sahihi."

"Na wale wageni wa harusi?"

"Wageni... wameipamba."

Uso ukambadilika. Akaondoka, mitihani akaiacha juu ya kaunta. Simu hakupokea siku hiyo wala wiki nzima. Kijana akaamini mwenzake kapata mwingine. Akagombana na dada yake, akagombana na mashine, akatoa nakala arobaini za cheti cha mtu, zote zimekatwa kichwa.

Siku ya nane simu ikapokelewa.

"Nilikuwa na mchumba," mwalimu akasema bila hata salamu. "Miaka mitatu. Kila nilichosema, ndiyo mpenzi, sawa mpenzi. Wiki ya harusi ndipo akaniambia hakuwahi kunitaka, alishindwa tu kusema. Wewe nilikupenda kwa sababu ulinibishia mbele ya watu. Sasa na wewe umeanza ndiyo mpenzi. Hilo "nakupenda" lako nitaliaminije?"

Kijana akakaa juu ya katoni la karatasi. Aliona aibu, aibu hasa. Angeweza kuapa, lakini viapo mwalimu alikwisha kuvisikia vya kutosha.

"Ile albamu ni ya tisa," akasema.

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Tena hapo nimekuwa muungwana. Nyimbo kumi na nane, kumi zingetosha. Huo wa sita unaoulilia, ubeti wa pili anarudia ule wa kwanza kwa kelele zaidi. Ila ule wa mwisho, anaomwimbia baba yake, unanitoa machozi. Ndiyo maana wale wageni nawachukia. Wangempisha."

"Wimbo wa sita hujauelewa!" Sauti ya mwalimu ilikuwa imepanda, na kicheko kilikuwa kinajificha ndani yake.

"Nimeuelewa. Ni mbaya."

"Mshamba wewe!"

"Sawa, mshamba. Na nakupenda. Hilo sikufundishwa na mtu."

Kengele ya shule ikalia upande wa pili, watoto wakapita mbio. Mwalimu hakukata simu.

"Jumapili njoo nyumbani," akasema polepole. "Umwambie mama hivyo hivyo. Mimi nimeshaamini."

Kijana akasimama, akakaa tena. "Nitakuja. Kuna la kujua kabla sijafika?"

"Mama hupika vibaya sana."

"Akiniuliza, nimwambie kweli?"

"Thubutu!"