Gitaa Jeusi la Ghalani

Jua lilikuwa linazama nilipofunga karakana yangu na kutia gitaa la mwoka mikate kwapani. Nilikuwa nimelibadilishia nyuzi mbili. Nilitaka nilifikishe, niage, nirudi zangu nyumbani kabla wale wajinga hawajaanza kupigiana makofi.

Ndiyo, wajinga. Mlitaka niwaiteje? Kila Jumamosi jioni kijiji kizima kinajibana ndani ya ghala kuukuu la nafaka. Hakuna kipaza sauti, hakuna hata waya mmoja, taa tatu za mafuta tu, na kila asiyejua kuimba anasimama kuimba. Mkunga anapuliza filimbi kana kwamba anapoza uji. Na watu wanafumba macho! Wanatikisa vichwa! Eti ukikaa karibu hivyo unasikia vidole vikiteleza kwenye uzi, unasikia hata mwimbaji akivuta pumzi, basi raha tupu. Mimi nilichosikia ni makelele, na nilichonusa ni jasho.

Niliwavumilia kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mdogo wangu wa kike, mshonaji. Mumewe alipomwacha alinyamaza miaka miwili. Tunakula naye kimya, tunapishana naye mlangoni kimya. Ni huko ghalani, katikati ya mapunguani wale, ndiko alikofungua kinywa tena. Na sauti yake, jamani, hiyo sikuwa na ubavu wa kuidharau. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha ili nisionekane nikilia.

Sasa wana desturi yao moja iliyokuwa ikinivunja mbavu. Vyombo vyote vinawekwa kwenye meza ndefu karibu na mlango, na yeyote anaweza kupiga chochote. Lakini kabla hujakipiga, lazima ukiinue juu na kuuliza, "Cha nani hiki?" Mwenyewe aitikie, "Changu." Asipoitika mtu, unakirudisha mezani. Hata kama ni ngoma ya mke wako uliyeamka naye asubuhi! Watu wazima na ndevu zao.

Nikaweka gitaa la mwoka mikate mezani. Pembeni yake kulikuwa na jingine.

Sikulitambua. Na magitaa yote ya hapa yamepita mikononi mwangu, nayajua kwa makovu. Hili lilikuwa jeusi, halina mkwaruzo hata mmoja. Nikachungulia ndani ya tundu kutafuta maungio, maana kila gitaa lina maungio. Hakuna. Hakuna gundi, hakuna ubao uliokutana na mwenzake. Ikanipanda puani harufu ya nywele zilizolowa… Nikagusa uzi.

Ulikuwa na joto.

"Kaka," mdogo wangu akaninong'oneza begani. "Mwashi anayenipigia ana homa. Leo nipigie wewe."

"Mimi? Mbele ya hawa?"

"Wimbo mmoja tu. Tafadhali."

Nikalichukua lile jeusi. Fundi hashiki kibovu penye kizuri.

"Uliza kwanza, Kaka."

"Niulize nini? Usiniletee mambo ya hawa watu."

Akalitazama lile gitaa. Akanitazama mimi. Akaniamini, maskini ya Mungu, akasimama katikati ya ghala.

Sikulikaza hata uzi mmoja, lilikuwa tayari. Nikapiga, naye akaimba, na kwa mara ya kwanza nikakijua kile kilichokuwa kinawafumba macho. Nilisikia pumzi yake kabla ya kila neno. Nilisikia benchi likilia mtu alipojisogeza mbele. Roho yangu ikakunjuka. Nikajiona mpumbavu kwa Jumamosi zote nilizosimama dirishani.

Kisha nikahisi kitu tumboni.

Mtetemo. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa inatoka karibu mno… Nikainua macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mishipa ya shingo imemtoka. Mikono imeshika koo.

Sauti ilikuwa inatoka mapajani mwangu.

Nikaondoa vidole kwenye nyuzi. Wimbo ukaendelea.

Hakuna aliyepiga kofi. Taa moja ikazimika. Mwoka mikate, mama mmoja mnene ambaye ndiye mwenye funguo za ghala, akaniinamia sikioni.

"Uliuliza?"

Nikalitazama gitaa.

"Wewe mtu… uliuliza la nani?"

Nikaliinua juu. "La… la nani hili?"

Wimbo ukakatika. Na kutoka ndani ya lile tundu, kwa sauti ya mdogo wangu, tamu kama ilivyo, likaitikia.

"Langu."

Watu wakatoka hata viatu wakasahau. Mwoka mikate alinieleza nusu tu ya anachojua, tena akiwa ameshafika mlangoni. Bibi yake ndiye aliyeianzisha ile desturi. Aliianzisha kwa kuandika kwenye karatasi, kwa sababu alikuwa hana sauti tena, na alikufa bubu. Gitaa lilitoka wapi, nani alilileta, hakusema.

Mdogo wangu hakutoa sauti tena tangu usiku ule. Daktari alimpima koo akasema ni zima kabisa.

Basi nikaliweka gitaa karakanani kwangu, maana sauti yake ilikuwa humo. Kila jioni mdogo wangu anakuja, anakaa kwenye kigoda, mimi napiga, yeye anatikisa midomo, na sauti inaimba. Tukajidanganya kwamba ni yeye. Mpaka juzi nilipoona kwamba sauti inatangulia na midomo yake ndiyo inayofuata. Anaikimbilia. Amekonda, macho yameingia ndani, na hata sindano haishiki tena.

Jana nikasema liwalo na liwe. Nikalilaza mezani, nikachukua nyundo kubwa, nikainyanyua.

"Kaka!" likalia. "Kaka, usinipige! Ni mimi! Kuna giza humu, Kaka… unaniua!"

Nikageuka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa juu chini, juu chini. Ndiyo. Ndiyo. Piga. Akanishika mkono wenye nyundo, akausukuma chini kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Kaka…" gitaa likanong'ona mezani. "Usiniache nikanyamaza tena."

Nimewacheka watu wa kijiji hiki maisha yangu yote. Leo namcheka nani? Nilikuwa na dada wawili mbele yangu, mmoja ana macho na machozi, mwingine ana sauti tu.

Nikaiweka nyundo chini.

Mdogo wangu aliuachia mkono wangu taratibu. Alinitazama kidogo, kisha akatoka, na mlango hakuufunga. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikalipakata gitaa, nikaliambia liimbe.