Vipele Vyeupe vya Mama Tabby

Mama Tabby wa Murera alikuwa na ng'ombe wawili, kioo kimoja, na hasira za kutosha kijiji kizima. Kila alfajiri alikamua ng'ombe. Akimaliza alijitazama kwenye kioo. Hapo siku ilikuwa imeharibika.

Chini ya macho yake kulikuwa na vipele vidogo vyeupe, vigumu kama punje za wimbi. Haviumi. Haviwashi. Havitoki. Jana alihesabu kumi na sita, leo kumi na saba.

Na Disemba wakwe walikuwa wanakuja kutoka Machakos kumposa Tabby, binti yake wa pekee.

"Wataonyeshwa mama ya bibi harusi, waone huu uso!" alilalamika.

Jirani yake Wanja alijua kila kitu, hasa asichokijua. "Hayo ni maziwa," alisema. "Unakunywa mengi, sasa yanatokea usoni."

Basi Mama Tabby akaacha maziwa. Wiki tatu nzima alikamua lita kumi na nane kwa siku, halafu akanywa strungi, chai isiyo na maziwa, kama mtu aliyefiwa. Vipele vikafika ishirini na kimoja.

Akapaka ndimu. Uso ukawaka moto. Akapaka dawa ya meno. Akanukia vizuri, vipele vikabaki. Na kila jioni, ili kutuliza ngozi, alijipaka mafuta ya kukamulia, yale mazito ya chuchu za ng'ombe. Alijipaka mpaka mashavu yakang'aa kama sufuria mpya.

Jumamosi moja Tabby alifika nyumbani kutoka Ruiru, anakofanya kazi. Alimkuta mama yake mlangoni, kioo katikati ya magoti, ncha ya sindano ya kushonea ikikaribia kope.

"Mami! Weka hiyo sindano chini!"

"Nikiiweka chini nitaitafuta na makalio."

"Utajitoboa jicho!"

"Si liko lingine?"

Tabby hakucheka. Aliichukua sindano, akamchukua na mama, wakaenda hadi kliniki moja ya ngozi mjini Thika. Daktari aliitwa Ndambuki. Alimtazama Mama Tabby usoni kwa lenzi, polepole, bila haraka hata kidogo.

"Mama, haya si maziwa. Wala si usaha. Ngozi ya zamani hubanduka kila siku. Wakati mwingine kipande kidogo kinanaswa chini ya ngozi mpya, kinakuwa kijipira kigumu. Ndiyo maana ukifinya hakitoki."

"Kwa hivyo strungi yote ile?"

"Ulijinyima bure. Pole."

"Ngai! Huyo Wanja tutaonana."

"Sasa niambie, unapaka nini usoni?"

Mama Tabby aliangalia dirisha. Tabby akakohoa.

"Mafuta," mama alisema.

"Mafuta gani?"

"Ya kukamulia."

"Ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu hawana kipele hata kimoja!"

Daktari aliuma mdomo asicheke. "Ng'ombe hupakwa kwenye matiti, mama, si chini ya macho. Mafuta mazito yanaweza kuziba ngozi ya uso. Yaache."

"Nimeacha. Sasa lete dawa."

"Dawa ndiyo hiyo."

"Nimetoka Murera nije niambiwe niache?"

"Na uoshe uso asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Usisugue kama sufuria. Paka losheni nyepesi, kidogo tu. Ukienda kukata nyasi juani, vaa kofia. Krimu za kujichubua usiguse. Vipele vingi huondoka vyenyewe, lakini huchukua wiki, hata miezi. Vikikataa, rudi tuvitoe hapa kwa sindano safi ya hospitali. Nyumbani utapata kidonda na kovu. Na kipele kikiwa chekundu, kikiuma au kikikua haraka, usingoje."

"Na mtoto mchanga akiwa navyo, kama wa rafiki yangu kazini?" Tabby aliuliza.

"Huyo mwacheni kabisa. Msifinye, msipake kitu. Huisha vyenyewe."

Kuosha uso kulikuwa rahisi. Kungoja ndiko kulikomtesa. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya tatu, hakuna kitu, na Mama Tabby akamtukana kuku asiye na makosa. Wiki ya sita alihesabu kumi na mbili. Akahesabu tena, hakuamini. Mwishoni mwa Novemba vilibaki vinne. Alirudi Thika, na Ndambuki akavitoa kwa dakika chache.

Wakwe walikuja, wakala, wakapatana. Ilipofika saa ya picha, Mama Tabby alikaa mstari wa mbele kabisa, kidevu juu. Kimanzi, mkwe mpya, aliinua simu.

"Mama, ngoja niweke ile kitu ya kulainisha uso."

"Wee kijana, toa hiyo takataka!" alifoka Mama Tabby. "Uso huu nimeungojea miezi mitatu. Upige hivyo hivyo ulivyo!"