Nusu kwa Nusu, na Kondoo Wawili

Maneno yenyewe niliyasikia kwenye foleni ya mkate. Bi Dalenda, jirani yangu wa ghorofa ya chini, hakunitazama usoni alipoyasema. Alisema tu kwamba siku hizi hapa Tunis kuna wanaume wanaolishwa na wake zao, tena wengine wamesoma. Wanawake wawili wakacheka huku wakiitazama mikate. Nikajua anayesemwa ni mwanangu Wajdi. Nilirudi nyumbani na mkate wangu, na yale maneno nikarudi nayo. Nikafua, nikapika, nikaswali, bado yapo.

Yalikuwa uongo. Ukweli ulikuwa mchungu zaidi, ndiyo maana naandika, wenye wana na mabinti wa kuoa na kuolewa wasome.

Wajdi na Rihab walikutana kwenye metro, stesheni ya Barcelona hapahapa Tunis, saa ya watu kutoka kazini, pale watu wanaposukumana kama wanagawiwa sukari. Mlango ulijifunga ukabana mkia wa koti la Rihab, koti jekundu la sufu, refu hadi magotini. Alivuta, likakataa.

"Usivute, dada," Wajdi akamwambia. "Koti zuri hivyo, liache kidogo lione mji."

"Unacheka kwa kuwa si lako."

"Langu mlango usingelitaka."

Rihab akalitazama koti la kijana yule, viwiko vimekwisha, vumbi la chaki mikononi, akacheka hadi mlango ulipofunguka. Waliposhuka Wajdi alikuwa na namba yake ya simu.

Mwanangu alikuwa mwalimu wa muda, shule ya msingi. Walimu wa namna hiyo hulipwa kidogo, na hicho kidogo huchelewa. Rihab alikuwa akifanya kazi kampuni ya kupokea simu za wateja wa Ufaransa, na mshahara wake ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa Wajdi. Jioni walizungumza kwenye simu hadi chakula kikapoa mezani kwangu. Yeye alimwita Rihab "waziri", na Rihab akamwita "ustadhi".

"Waziri amekula?" nilimsikia akiuliza.

Akijibiwa alijifunika uso kwa mto, mtu mzima, akicheka kama mtoto.

Walioana majira ya machungwa. Nyumba aliichagua Rihab, mtaa wa Manar, karibu na kazini kwake, ina lifti na roshani inayopata jua. Wajdi alisema mwenyewe, kabla ya kutia saini, kwamba kila kitu kitakuwa nusu kwa nusu: kodi, umeme, gesi, sokoni. Hataki mtu aseme. Rihab aliona hiyo ni heshima, maana alikuwa amesikia habari za wanaume wanaokula mishahara ya wake zao. Akakubali, akambusu mkono.

Hakuna aliyeuliza nyumba ile imechaguliwa kwa mfuko wa nani. Nusu ile kwa Rihab ilikuwa kama kununua viatu. Kwa Wajdi ilikuwa karibu mshahara wote.

Basi akaanza kutembea. Kutoka Manar hadi shuleni kwake Mellassine, mtaa wa maskini, kwa miguu, shati limepigwa pasi, soli zimekwisha. Mchana wenzake wakienda kula, yeye anasahihisha madaftari. Mkahawani akaacha kwenda. Rihab akisema twende La Marsa tukale samaki, yeye amechoka. Akisema twende Sousse kwenye harusi ya binamu, yeye kichwa kinamuuma. Mwanamke akikataliwa namna hiyo huwaza mwanamke mwingine. Rihab alikuwa akinusa mashati yake kabla ya kuyafua, yananuka jasho la njia ndefu, asijue hilo ni jasho la nini.

Lakini ana akili yule binti. Mwisho alihisi ni fedha.

"Mpenzi, tubadilishe," alimwambia wakiwa jikoni. "Kila mtu atoe kwa kadiri ya anachopata. Mimi sehemu tatu, wewe moja. Kila mtu abaki na chochote mfukoni."

"Halafu Bi Dalenda atasema nini?"

"Kwani Bi Dalenda anakaa Manar?"

"Maneno yanapanda lifti, Rihab."

Yale ya foleni yalikuwa yameshamfikia Wajdi.

Ikakaribia Idi ya kuchinja. Kwetu mwanamume mwenye nyumba ndiye huleta kondoo, na asiye na kitu hukopa. Wajdi alikopa kwa mjomba wake, akapata kondoo mdogo, mwembamba, akampandisha darini, juu kabisa ya jengo, kwa ngazi, Rihab akiwa kazini. Alitaka kumshangaza. Rihab naye, siku zinakwisha na kondoo hatajwi, akafikiri mumewe ameshindwa na anaona haya. Akaamua kumsitiri. Akanunua dume kubwa, pembe zimejipinda mara mbili, likaletwa na gari mchana wa jua kali, watu wote wako kwenye roshani.

Dereva akapaza sauti kutoka chini. "Kondoo wa Bibi Rihab, ghorofa ya ngapi?"

Wajdi alikuwa darini akimpa kondoo wake majani.

Rihab alipanda akikimbia, kanzu yake ya nyumbani ya kijani, hina mbichi mikononi, anatabasamu. Akamkuta Wajdi na kondoo mwingine.

"Sikujua, Wajdi."

"Sasa mtaa mzima unajua."

Siku ya Idi Wajdi alilichinja lile dume la mkewe vizuri, akaigawa nyama kama sheria inavyotaka. Kisha akambeba yule kondoo wake mabegani, mzima, akashuka naye ngazi zote, akaja naye kwangu akipita katikati ya mji, watoto wanamfuata. Nilipofungua mlango akasema, "Mama, huyu ni wangu," akakaa chini. Siku hiyo ndipo aliponieleza yote, na viatu vyake nikaviona.

Hakurudi Manar. Simu ikiita aliitazama hadi inyamaze. Rihab alikuja mwenyewe, akaniambia yuko tayari kuhamia chumba kimoja, popote, hata Mellassine. Wajdi alikuwa nyuma ya pazia anamsikia. Hakutoka. Baadaye aliniambia, mke akishuka hadi chini kwa ajili yako, utamwangaliaje?

Akafungua shauri la talaka. Hakimu akawataka wapatanishwe kwanza, akawaacha peke yao chumbani. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, mlango uko wazi. Rihab alivaa gauni la kijivu, bila hereni.

"Kwa nini hukuniambia unakwenda kwa miguu?"

"Ungenipa nauli."

"Ningekupa, ndiyo."

"Ndiyo maana."

Rihab akalia. Wajdi akampa leso, akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Wakatoka, wakanipita bila kuniona, Wajdi akamnunulia mkate wa samaki na pilipili kwa fedha yake, wakaula pamoja wamesimama kwenye ngazi za mahakama, yeye akimpangusia mafuta kidevuni. Nikadhani yamekwisha. Nikamshukuru Mungu.

Walipomaliza kula walirudi ndani, wakamwambia hakimu hawana la kupatanishwa, awape talaka.

Hawajaacha kupendana. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Basi epukeni haya:

Kupanga nyumba kwa mfuko wa mwenye zaidi, halafu kuigawa sawa.

Kusema nusu kwa nusu kabla ya kuulizana kila mmoja atabaki na nini.

Kuficha njaa kwa mtu mnayelala naye kitanda kimoja.

Kunusa mashati badala ya kuuliza.

Kumsitiri mtu mbele ya majirani.

Kununua kondoo kimyakimya, mume au mke.

Kusikiliza foleni ya mkate.