Kitanda Kilichotazama Mbinguni

Habari hii alinisimulia Pyari mwenyewe, bibi mhunzi wa kuhamahama, mwaka juzi mvua zilipokatika. Alikuwa ananinolea mundu. Naiandika kama alivyoisema, maana ina funzo, na funzo lake lilinunuliwa ghali.

Pyari na watu wake walikuwa wamepiga kambi kando ya barabara, chini ya mlima wa ngome ya Chittor, nchini India. Alikuwa na mwanawe Bheru, Dhapu mke wa Bheru, na wajukuu wawili, Kalu na Lachi. Kila asubuhi Pyari alivukuta moto. Bheru alishika chuma kwa koleo. Dhapu alipiga nyundo kubwa.

Nyumba yao ilikuwa gari la maksai. Juu ya gari walifunga kitanda cha kamba, miguu ikitazama mbinguni. Hakuna aliyekilalia. Zamani mababu zao waliwafulia wafalme wa ngome ile panga. Ngome ilipotekwa na jeshi la adui, wahunzi waliondoka na kiapo. Hatutapanda tena mlima huu. Hatutalala kitandani. Hatutawasha taa usiku. Mpaka ngome irudi! Basi wakakigeuza kitanda, na watoto wao wakalala chini, kizazi baada ya kizazi.

Muuza chai wa jirani aliwatania. "Nyie wahunzi, kitanda hicho mnamtandikia nani, mawingu?"

"Tunamtandikia mkeo," alijibu Pyari. "Amechoka na mikoromo yako."

Mvua zikaanza. Alfajiri moja Kalu aliamka akilia.

"Bibi, tumbo!"

"Umekula nini wewe?"

"Sijala kitu. Bibi, mbona macho hayafunguki?"

Kope zake zilikuwa zimelegea kama za mlevi. Dhapu akalivuta blanketi. Chini yake palikuwa na nyoka mweusi, mwembamba, mwenye pete nyeupe. Bheru alimponda kwa nyundo.

"Twende hospitali, Mama!" alisema.

"Hospitali wanajua nini?" alisema Pyari. "Hana jeraha, hana uvimbe. Kwanza kwa Tejaji. Bwana wa nyoka ndiye mwenye dawa ya nyoka."

Wakampeleka kwenye madhabahu ya Tejaji. Wakamfunga uzi wa baraka. Wakaomba, wakangoja. Jua lilipopanda, Kalu hakuweza tena kumeza mate. Ndipo Bheru alipomnyakua akakimbia naye. Mtoto alikata roho njiani.

Tangu siku ile Dhapu hakusema na mama mkwe wake. Alipiga nyundo tu. Pyari naye alivukuta moto, na kila pigo lilimwingia kifuani.

Ndipo akaja Sushila, mhudumu wa afya. Huyu alizaliwa kule juu, katika kijiji kilicho ndani ya ngome. Aliketi nao chini, akanywa maji yao, akasikiliza habari ya Kalu.

"Nyoka yule hutembea usiku," alisema. "Humuuma mtu aliyelala chini. Meno yake ni madogo, hata alama huioni. Tumbo linauma, kope zinalegea, mwisho pumzi inakatika. Msichanje, msifunge kamba, msingoje. Mtulizeni mgonjwa, mmkimbize hospitali. Sindano ya dawa ipo."

"Ningeomba huku nakimbia," Dhapu alisema polepole. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku nyingi.

Sushila akamtazama Lachi, amejikunja juu ya gunia. "Na huyu mbona bado analala chini? Kitanda si kile pale?"

"Kile kina kiapo," alisema Pyari.

"Kiapo kilisemaje, Mama?"

"Mpaka ngome irudi."

"Basi njoo nikuonyeshe ngome."

"Mguu wangu hautapanda huko!"

Dhapu akaitupa nyundo. "Mama, nimebakiwa na mmoja. Panda, au mimi nitaondoka na mwanangu."

Pyari akapanda. Walipita lango baada ya lango, hadi kwenye kasri la wafalme. Pyari alitazamia milango na walinzi. Aliona kuta zilizobomoka na vibaraza vinavyoning'inia hewani. Nyani walikuwa wanachambuana chawa dirishani.

"Mfalme Rana Kumbha aliijenga upya nyumba hii," alisema Sushila. "Kule palikuwa na mazizi ya farasi. Huku walikaa wanawake. Wanasema chini ya sakafu hii wanawake walijitia motoni ngome ilipoanguka. Ilitekwa mara tatu, na mara ya tatu wafalme walihama. Hawakurudi kukaa."

"Nani yupo wa kunifungua kiapo?"

"Hayupo mtu, Mama. Wapo popo. Tena kilishafunguliwa. Baba yangu akiwa kijana, waziri mkuu wa nchi alikuja, akapanda mlima huu pamoja na wahunzi. Wakaambiwa, ngome ni yenu, laleni majumbani."

"Nilisikia," alisema Pyari. "Sikutaka kusikia."

Akaugusa ukuta. Chokaa ikamwagika mkononi mwake.

"Nimempoteza mjukuu," alisema, "kwa ajili ya nyumba isiyo na paa."

Jioni ile alipanda juu ya gari, akakata kamba kwa mundu. Alikishusha kitanda, akakisimamisha kwa miguu yake. Sushila alileta chandarua. Wakazichomeka kingo zake chini ya magunia waliyotandika. Bheru akanunua tochi. Lachi alilala juu na mama yake, Bheru akalala garini. Pyari alibaki chini. "Mimi mfupa mtupu," alisema. "Nyoka atavunja jino."

Mvua za mwaka uliofuata, usiku mmoja, Dhapu alimulika tochi kabla hajakanyaga chini. Nyoka mwenye pete alikuwa anapita chini ya kitanda, pale pale Lachi alipokuwa akilala zamani. Alipita, akaenda zake. Lachi alikuwa anakoroma.

Dhapu akainua chandarua. "Mama, njoo. Tutabanana."

Pyari alitazama kasri juu ya mlima, jeusi, halina hata taa moja. Kisha akapanda. Kamba zililia. Alilala chali, macho wazi, mkono wake juu ya mguu wa mtoto. Dhapu akalala. Muda mrefu ukapita. Pyari akalitaja jina la Kalu, mara moja tu, naye usingizi ukamchukua.