Nundu Ubavuni mwa Tairi

Mtaani kwetu Mshangano hakuna anayeongoza gari kurudi nyuma kama Lukresia, na Lukresia ndiye mimi. Nikisema "njoo," dereva anakuja; nikipiga bodi makofi mawili, anasimama. Gari ninaloongoza mimi halijawahi kugusa hata jani.

Jumamosi, shangazi Benigna alirudi kutoka Maposeni na pikapu iliyojaa magunia ya mahindi. Nikakimbilia nyuma.

"Njoo, njoo, njoo..."

Puu! Tairi la nyuma likagonga ukingo wa zege wa mtaro.

"Nini hicho?" shangazi akauliza.

"Gunia limecheza, shangazi. Njoo tu!"

Biasha, mtoto wa jirani anayesoma darasa la pili, alikuwa juu ya ukuta akitafuna muwa. Nikamkonyeza anyamaze. Bibi naye alikuwa barazani, ila bibi haoni vizuri, kwa hiyo sikumhesabu.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunampeleka bibi hospitali ya Mbesa, kule Tunduru, kutibiwa macho. Alishaketi kiti cha mbele na kitenge chake kipya. Nikazunguka gari kwa mikogo, nikikagua kama bosi. Tairi lilelile lilikuwa limeota nundu ubavuni, kubwa kama yai.

Shangazi akainama. "Sijagonga kitu mimi. Labda ni jua. Twende polepole, tutaliangalia tukirudi."

Akawasha gari. Nikamtazama bibi, nikaifikiria barabara yote ile hadi Tunduru. Nikapiga bodi makofi mawili.

"Shangazi, zima! Liligonga mtaro Jumamosi. Nilikudanganya."

Akazima. Akavuka barabara kumwita fundi Muhsini, anayeziba pancha pale ng'ambo.

"Shikamoo, fundi. Weka kiraka basi tuondoke," nikasema.

"Marahaba. Kiraka gani, binti?" Akaibonyeza nundu kwa kidole. "Ndani ya ubavu mna nyuzi zinazoushikilia mpira. Tairi likigonga ukingo au shimo, tena gari lina mzigo na upepo ni kidogo, nyuzi hukatika. Basi upepo unausukuma mpira pale palipolegea. Hapa hapazibiki. Lingewapasukia njiani."

Akapiga jeki, akafunga tairi la akiba, akalijaza upepo. Nilikaza nati mwenyewe, yeye akanikagulia.

"Sikiliza, Lukresia," shangazi akasema. "Kugonga ni kwa dakika moja, na kila mtu hugonga. Lakini umenyamaza siku mbili, na hizo ndizo zingetuua. Ukikosea, sema palepale."

"Nimeelewa, shangazi. Ila ni zile nyasi, ziliuficha ukingo. Mimi macho sikuyabandua kwenye tairi."

Biasha, aliyekuwa ameshapanda tena ukutani na muwa wake, akatema kapi. "Nyasi zipi, dada Lukresia? Si uliligeuzia gari mgongo, ukawa unanifundisha kucheza ngoma?"

"Hata mimi nilimwona," bibi akasema kutoka kiti cha mbele. "Kwa macho hayahaya mabovu."