Uyoga wa Uwanja wa Mpira na Jina Lake Kamili

Maneno yalianzia bombani, pale wanawake wa kambi ya polisi wanapopanga madumu yao. Walisema kuna nyumba kule Namuwongo, karibu na reli, ambako watu wote walilala chini wakitapika. Walikuwa wamekula uyoga. Wengine wakasema si uyoga, ni jirani aliyekitamani chumba chao, amewatupia kitu.

Adoch, mke wa askari mmoja wa kambi ile, alijaza maji yake akarudi nyumbani, na maneno yale yakarudi naye. Akifua, yapo. Akimsuka binti yake Alum, yapo.

"Mama, unanivuta nywele!" Alum alilia.

"Pole, mwanangu. Kichwa changu kiko mbali."

Alikuwa anajiuliza jambo moja tu. Uchawi gani huo unaoingia mdomoni kwa kijiko?

Jumamosi ya wiki ile ilikuwa imenyesha mvua kubwa. Mama mkwe wake, Abwola, alikuwa amekuja kutoka Kitgum kuwatembelea. Asubuhi alitoka kutembea kidogo, akarudi na beseni kichwani, nguo imelowa mpaka magotini. Ndani ya beseni kulikuwa na uyoga mweupe, kofia zake pana kama sahani.

"Njooni muone!" Abwola alisema. "Chakula kiko mlangoni, na nyinyi mnakula maharage kila siku kama wafungwa!"

"Umeutoa wapi, mama?" Adoch aliuliza.

"Kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Umejaa tele. Watu wa Kampala hawana macho."

Abwola alikuwa mpishi anayejulikana. Kwao, sherehe ikiwa kubwa, yeye ndiye anayeitwa jikoni. Alikuwa amebeba na odii yake, ufuta na karanga zilizosagwa pamoja, ya kuungia mboga. Akaanza kuosha uyoga huku akiimba.

"Mama, huu unaujua vizuri?"

"Unaniuliza mimi? Huu ni obwol. Nimeula kabla baba yako hajaoa."

"Lakini mama, kwa Kiacholi uyoga wote ni obwol. Huu ni obwol gani?"

"Wa kichuguu."

"Uwanjani kuna kichuguu?"

Abwola akachukua kitunguu, akakimenya, akakitia ndani ya sufuria pamoja na uyoga. "Kikigeuka cheusi, tunamwaga. Kikibaki cheupe, tunakula. Hivyo ndivyo mama yangu alivyopima."

Maji yakachemka. Kitunguu kikabaki cheupe kama jino la mtoto. Abwola akacheka kwa furaha, akatia odii. Harufu nzuri ikajaa nyumba nzima. Alum akaleta sahani yake mwenyewe.

Sasa hapo Adoch alikuwa na kazi. Amelelewa kumheshimu mama mkwe. Katika nyumba ile hakuwahi hata mara moja kufunua chungu cha Abwola bila kuambiwa. Kukikataa chakula chake ni kama kumtukana mbele ya mwanawe. Lakini aliitazama sahani ya Alum, ndogo, ya bluu, akaona wale watu wa karibu na reli.

Akaishika sufuria kwa kitambaa, akaitoa kwenye sigiri ya makaa, akaiweka juu ya kabati asipofika mtoto.

"Mama, unisamehe. Leo hakuna anayekula mpaka aje mtu anayejua uyoga autazame."

Wakati huohuo mume wake, Kidega, aliingia kutoka zamu, bado amevaa sare. Akaona nyuso zao.

"Nani amekufa?"

"Bado hakuna," Adoch alisema. "Na mimi sitaki afe mtu."

"Mke wako amenikamata, afande," Abwola alisema bila kumtazama mtu. "Nipeleke sero."

Kidega alitaka kucheka, akaona si wakati wake. Adoch alikuwa ameshatoka kwenda kwa Zulaikha.

Zulaikha ni jirani yao, Mnubi, binti wa askari mstaafu. Anafanya kazi chuoni, kwenye chumba kinachohifadhi mimea na uyoga uliokaushwa. Alikuja upesi, akamsalimia Abwola kwa kupiga magoti, kisha akauliza, "Mama, kuna ambao haujapikwa?"

Ulibaki mmoja kwenye beseni. Zulaikha akaugeuza. Chini ya kofia kulikuwa na vipande vyembamba, vimepangana kama kurasa za kitabu.

"Mbegu zake hutoka hapa," alisema. "Ni vumbi. Moja moja huwezi kuiona kwa macho. Tuuache uangushe vumbi lake, tuone rangi."

Akakata shina. Akaiweka kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe, nusu nyeusi, akaifunika kwa bakuli. "Tusubiri mpaka jioni."

"Kitunguu hakikugeuka," Abwola alisema.

"Kitunguu hakijui sumu, mama. Kinageuka au hakigeuki kwa sababu zake chenyewe. Kuna uyoga unaoua, na kitunguu kinabaki cheupe palepale."

"Na wadudu wameutafuna. Angalia!"

"Tumbo la mdudu si tumbo la Alum."

Wakala maharage. Abwola alikula kidogo sana, amempa Adoch mgongo. Adoch aliona uchungu, lakini hakuirudisha sufuria.

Baada ya kula, Zulaikha alimgeukia Kidega. "Afande, hapa kambini kuna akina Odoch wangapi?"

"Watatu. Odoch wa bendi, Odoch wa trafiki, na Odoch mlevi."

"Mkubwa akisema 'Nileteeni Odoch'?"

"Wanakuja wote, na mmoja hajui hata alikotoka."

Hata Abwola alicheka, akaziba mdomo.

"Basi ndivyo ilivyo kwa uyoga," Zulaikha alisema. "Mwacholi anasema obwol. Muganda anasema butiko. Ukiita hivyo, wanakuja wote, mzuri na mbaya. Kwa hiyo wanasayansi wanaupa kila uyoga majina mawili. La kwanza ni la jamii yake ya karibu, na linaanza kwa herufi kubwa. La pili linaonyesha ni yupi katika jamii hiyo, na linaanza kwa herufi ndogo. Majina hayo hayabadiliki ukivuka mpaka. Msomi wa Japani na msomi wa Kampala wanasoma jina lilelile."

"Wanajuaje nani ni ndugu wa nani?" Adoch aliuliza.

"Wanaangalia mambo mengi pamoja. Umeota wapi? Kofia ikoje? Shina lina pete? Vumbi lina rangi gani? Halafu wanatazama kwa hadubini. Siku hizi wanasoma hata vinasaba, kama vile hospitali inavyopima mtoto ni wa nani."

"Kumbe majani yana baba!" Abwola alisema.

"Uyoga si majani, mama. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauwezi. Unakula vitu vingine, vilivyooza au vilivyo hai. Uko kwenye kundi lake, linaitwa kuvu. Ule ukungu wa mkate ni ndugu yake."

Jioni, Zulaikha akafunua bakuli. Wote waliinama. Kwenye karatasi kulikuwa na duara la mistari mizuri, kama imechorwa kwa kalamu. Kwenye nusu nyeupe, rangi yake ilionekana kijani iliyofifia.

"Kijani," Zulaikha alisema polepole. "*Chlorophyllum molybdites*. Hupenda nyasi za uwanjani. Unatapisha na kuharisha vibaya sana. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini."

Abwola alimtazama Alum. Kisha akainuka, akaishusha sufuria yeye mwenyewe, akaenda kuimwaga chooni pamoja na odii yake yote. Aliporudi, alisimama mbele ya Adoch.

"Mke wa mwanangu," alisema, "umenizuia nisimlishe mjukuu wangu sumu. Kwetu nitawaambia watu nina nani Kampala."

Adoch akaipokea sufuria tupu kutoka mkononi mwake.

Kisha Abwola akamgeukia Zulaikha. "Lakini ule wa kichuguu naujua. Ukiuchimba, shina lake linashuka, linashuka, kama mzizi, mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Huu wa leo haukuwa na kitu chini. Nimeung'oa kwa vidole viwili. Haraka ilinifanya nisiangalie."

Zulaikha akasogeza kiti. "Rudia, mama. Hayo ndiyo maswali tunayouliza sisi. Jina la kwanza la ule ni *Termitomyces*, maana yake uyoga wa mchwa. Ila ziko aina nyingi. Ukiuona kwenu, niletee mzima, na udongo wake."

Mvua za Kitgum zilipokuja, Abwola aliuchimba mwenyewe, akausafirisha kwa basi kwenye kikapu, na ule mzizi wake mrefu haukukatika. Zulaikha akaukausha, akauweka kwenye bahasha chuoni. Juu ya bahasha pameandikwa jina la kwanza la uyoga, *Termitomyces*. La pili bado wanalitafuta kwa hadubini. Chini yake pameandikwa: *Aliyekusanya: Abwola, Kitgum.*

Alipokuja tena Kampala walimpeleka kuuona. Alijifunga kitambaa kizuri kichwani. Alum alimsomea maandishi kwa sauti, na bibi akamwambia arudie mara ya pili, kwa nguvu, ili na watu wa mlango wa pili wasikie. Adoch alikuwa amesimama nyuma yao, na mabega yake yalikuwa juu.

Siku hizi bombani wanawake wanamwita Adoch wakiwa na shaka na uyoga. Jibu lake ni lilelile: kama huujui kwa hakika, usiule.

Wewe unayesoma, jiepushe na haya:

Usile uyoga ulioota wenyewe kama hakuna mjuzi aliyeutambua.

Usiupime kwa kitunguu, wali, sarafu wala kijiko.

Usidhani uyoga ni salama kwa kuwa wadudu, kuku au konokono wameula.

Usidhani kuupika sana kunaondoa sumu.

Usiamini rangi ya vumbi peke yake. Upo uyoga wa vumbi jeupe unaoua.

Usidhani unaofanana na wa kwenu ndio wa kwenu.

Usiwaache watoto wachume na kuonja.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali haraka, hata kama anasema amepata nafuu.

Usitupe mabaki. Yabebe, daktari ayaone.

Na usimwonee haya mpishi, hata akiwa mama mkwe wako.