Bohumila na Pazia la Kura

Kila asubuhi kabla hakujakucha, binti yangu Alena alivaa buti zake akaenda kungojea basi. Kijiji chetu cha Podlesnice kilikuwa na jengo zuri la shule. Lakini wakubwa wa chama kilichotawala nchi peke yake waliifunga shule, wakalifanya jengo ghala la mbolea. Watoto wetu wakawa wanasomea mjini, wakisinzia njia nzima.

Mwaka 1990 chama kile kilikuwa kimekwisha anguka. Mwezi wa Novemba tulikuwa tuchague halmashauri ya kijiji, safari hii kwa hiari yetu. Kundi moja la wagombea lilitaka kuliuza lile jengo. Kundi la pili lilitaka kuifungua shule tena. Kijiji ni kidogo, kwa hiyo kila kura ilikuwa na uzito.

Siku ya uchaguzi tulikuwa mezani, tunakula supu ya viazi na uyoga. Mama mkwe wangu, Bohumila, akaweka kijiko chini.

"Kura nitapiga," alisema, "lakini nyuma ya lile pazia siendi. Nitatumbukiza karatasi yangu mbele ya watu, kama siku zote. Na wewe mzee, usithubutu!"

Mzee ni baba mkwe, Otakar. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ile ile. Katika uchaguzi wa mwaka 1971, kila mtu alipewa karatasi ya majina ya upande mmoja tu, akaitumbukiza vilevile ilivyo. Pazia la kupigia kura kwa siri lilikuwepo pembeni, lakini nani angelisogelea? Otakar alilisogelea. Akaingia, akayakata majina yote. Haukupita muda akafukuzwa ualimu, akapewa koleo la kutilia makaa kwenye tanuri la kiwanda. Alizeekea huko.

"Mama, enzi hizo zimepita," alisema mume wangu, Radim.

"Zimepita kwako wewe, uliyekuwa unanyonya kidole! Mimi ndiye niliyefua mashati yake yenye masizi."

Radim akainamia supu yake. Hapo akaingia jirani yetu Zdenka, karani wa posta, akavua viatu mlangoni. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kura, na alikuja kuuliza mbona hatujaonekana. Nikamweleza.

"Bi Bohumila," alisema, "mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikulaumu. Lakini siku hizi kupita nyuma ya pazia ni sheria. Asiyepita hapigi kura. Padri anapita, na Bureš mlevi anapita. Wote wakipita, nani atamnyooshea mwenzake kidole?"

"Na nyinyi wasimamizi hamchungulii?"

"Wapi! Mle ndani unaweka alama kwa unaowataka, unatia karatasi kwenye bahasha. Bahasha zote ni sawa, hazina jina, na zinachanganyika sandukuni."

"Na mtu akiniuliza nimemchagua nani?"

"Mwambie haimhusu."

"Hata huyu mzee wangu?"

"Hata yeye."

Otakar akacheka hadi akapaliwa na supu. "Tumeoana miaka yote hii, leo ndiyo unapata siri! Twende, mke wangu. Tunajisifu kwamba kwetu ukweli hushinda. Utashindaje tukiufungia kabatini?"

Bohumila akainuka. Akajifunga kitambaa chake cha sikukuu, akatangulia mlangoni.

Kura zilipigwa katika ukumbi wa baa. Bohumila alipita nyuma ya pazia, akakaa huko mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Mama, umelala humo?" Radim aliita.

"Nyamaza! Nasoma. Mara hii kuna cha kusoma!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alitoka kichwa juu, akatumbukiza bahasha yake.

Waliotaka shule walishinda kwa kura chache tu. Tulipeperusha bendera madirishani, na bia ikaisha kijijini. Kisha tukaingia kazini. Tulitoa mbolea, tukasugua sakafu, tukapaka rangi.

Mwezi wa Septemba Alena alikwenda shule kwa miguu, jua limekwisha toka. Otakar alipewa heshima ya kupiga kengele. Nilipomwona ameishika, nililia kwa furaha, wala sikuona haya.

Alisita kidogo, akamgeukia mkewe. "Sasa niambie. Ulimchagua nani?"

"Hiyo ni siri yangu na pazia," alisema Bohumila. "Piga kengele, mwalimu. Watoto wanangoja!"